Jua katili kwenye gemu: anzia kisimani

Wadau, kwenye gemu letu la mezani, lile la kuigiza wahusika, nilitaka dini ya jua katili, iliyojificha njia ya zamani ya misafara, Tabora hadi Ujiji. Nikakwama. Wanyamwezi walimwita Mungu pia Limi, yaani Jua, na hakuwa mwovu hata kidogo! Kumgeuza shetani si kuwatukana babu zetu? Nikabuni jina lingine.

Ubaya nikauweka kwa watu. Kiangazi, mvua imegoma, mtemi analaumiwa (ndivyo ilivyokuwa kweli), basi makuhani wa jua wanateka visima. Mpagazi kabeba pembe ya ndovu, koo limekauka. Maji atapewa, ila kwanza amwage ya mwenzake mchangani. Wachezaji wangu walibishana saa nzima.