Bibi Mary Lou Williams na Kinanda Chake

Leo tutasoma habari za Bibi Mary Lou Williams wa Marekani, aliyepiga piano katika muziki wa jazi.

Neno hili tulilizoea kwetu katika majina ya bendi za magitaa, kama Morogoro Jazz na Western Jazz. Jazi yenyewe ilianzwa na watu Weusi wa Marekani. Ndani yake kila mpigaji hupewa zamu aongeze yake, kama wazee wapokezanavyo mazungumzo barazani.

Mary Lou alizaliwa Atlanta tarehe 8 Mei 1910, akakulia Pittsburgh. Mama yake alimpakata huku akipiga kinanda, na mtoto akajifunza kwa sikio tu. Majirani Wazungu hawakuwataka mtaani, wakawatupia matofali. Baadaye walianza kumwita mtoto huyo awapigie piano majumbani mwao, na matofali yakakoma.

Sasa someni polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alishirikiana na bendi ya Bwana Andy Kirk. Kichwani mwake mlikuwa na muziki tele, lakini hakujua kuuandika. Maana muziki nao una alama zake, kama maneno yalivyo na herufi. Basi yeye alitaja, Bwana Kirk akaandika, saa nyingi mfululizo. Mwisho alichoka kuandikiwa, akajifunza alama zile mwenyewe. Hapo akawa mpangaji wa muziki, yaani mtu anayeandika tarumbeta zianze wapi na ngoma zinyamaze wapi. Hata Duke Ellington na Benny Goodman walipiga kazi zake.

Katika miaka ya 1940 alikaa Harlem, New York. Vijana kama Thelonious Monk na Bud Powell walimwendea usiku, wakipiga piano yake, wakiulizana, wakisahihishwa. Ilikuwa shule isiyo na ubao.

Mwaka 1954, akiwa Paris, aliacha kupiga mbele ya watu, akarudi jukwaani mwaka 1957. Wenzake wengi walikuwa wameharibiwa na madawa ya kulevya. Wengine aliwalaza na kuwalisha nyumbani kwake. Kisha akafungua duka la nguo zilizokwisha kuvaliwa. Sisi tungesema mitumba. Wanamuziki wenye nafasi walileta nguo zao, zikauzwa ili wagonjwa wasaidiwe. Halikumtajirisha, lakini mimi naliona duka lile kuwa kubwa kuliko santuri zake zote.

Alitunga pia misa ya jazi, iliyopigwa katika Kanisa Kuu la St. Patrick, New York, mwaka 1975. Tangu 1977 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, mpaka alipofariki tarehe 28 Mei 1981.

Kazi ya daftari: Andikeni maneno haya: kinanda, alama, zamu, jirani, mitumba. Kisha mtafute mzee asiyejua kuandika, mmwombe ataje wimbo wa kwao, mwuandike kama anavyoutaja.