Gari la michezo likitoka gereji, 'macho' yake lazima yapimwe upya

KIOO kipya kimefungwa, bampa limepigwa rangi na injini inanguruma kama awali. Kwa mtazamo wa mwenye gari, kazi ya fundi imekwisha. Hata hivyo, kwa magari ya michezo yaliyotengenezwa miaka ya karibuni, matengenezo hayo huwa hayajakamilika mpaka vihisi vinavyomsaidia dereva vipimwe na kusawazishwa upya.

Vihisi hivyo ni kamera na rada ambazo hutazama barabara pamoja na dereva. Kompyuta ya gari hupokea taarifa zake, hukadiria umbali wa kitu kilicho mbele na, inapobidi, hufunga breki yenyewe.

Mfano mmoja ni Subaru WRX S4, gari lililoanza kuuzwa nchini Japan mwaka 2014 likiwa na mfumo uitwao EyeSight. Mfumo huo, uliozinduliwa mwaka 2008, hutumia kamera mbili zilizofungwa ndani ya gari, sehemu ya juu ya kioo cha mbele. Kama yalivyo macho ya binadamu, kamera hizo hulinganisha picha mbili za kitu kimoja ili kujua kipo umbali gani.

Suala hili linawahusu pia wakazi wa Afrika Mashariki, kwani magari mengi yaliyotumika Japan huingia kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa, yakiwa na mifumo ya aina hiyo.

Hatari iko katika hesabu. Kihisi kilichopinda kwa digrii 1 tu hukosea kwa takriban mita 1.75 kinapotazama kitu kilicho umbali wa mita 100. Kwenye njia yenye upana wa mita 3.5, hiyo ni nusu ya njia. Gari la njia ya jirani laweza kuhesabiwa kuwa liko mbele, breki zikafungwa ghafla bila sababu. Vilevile, gari lililo mbele hasa laweza kutambuliwa kwa kuchelewa, na katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kila sekunde inayopotea ni takriban mita 28.

Kibaya zaidi ni kwamba si kila mara taa ya tahadhari huwaka kwenye dashibodi. Kihisi chaweza kuendelea kufanya kazi huku kikitazama pasipostahili.

Kazi zinazoweza kuvuruga vihisi ni pamoja na kubadili kioo cha mbele, kufungua bampa lenye rada, kunyoosha bodi baada ya ajali na kurekebisha alaimenti ya magurudumu. Kwa magari ya michezo liko jambo jingine: wamiliki wengi hupenda kuyashusha kwa kufunga springi fupi. Gari likishuka au kuinama, kamera nayo hubadili pembe. Aidha, pati nene au tabaka nyingi za rangi juu ya bampa zaweza kudhoofisha mawimbi ya rada iliyo nyuma yake.

Usawazishaji hufanyika kwa njia kuu mbili, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Ya kwanza ni ya ndani ya gereji: gari huwekwa kwenye sakafu iliyo sawa, matairi yakiwa na upepo sahihi, kisha mbao zenye alama maalumu husimamishwa mbele yake kwa umbali uliopimwa. Ya pili hufanyika barabarani, gari likiendeshwa kwa mwendo uliowekwa penye mistari inayoonekana vizuri, huku mashine ya fundi ikiwa imeunganishwa na kompyuta ya gari. Baadhi ya magari huhitaji zote mbili. Alaimenti hutangulia, kwa kuwa vihisi hupimwa kwa kufuata mwelekeo wa magurudumu.

Japan imelipa uzito suala hili. Tangu Aprili 2020, sheria ya nchi hiyo imeiweka kazi ya kusawazisha vihisi hivyo, pamoja na kuondoa kioo au bampa lililobeba vihisi vya breki za kujifunga, katika kundi la matengenezo yanayohitaji gereji yenye idhini maalumu.

Kabla ya kulipa, mwenye gari anashauriwa kumuuliza fundi mambo matatu: kama sehemu iliyoguswa ina kihisi, kama kihisi kimesawazishwa, na kama ipo karatasi ya matokeo kutoka kwenye mashine. Ikiwa gereji haina vifaa, ni heri kulijua hilo mapema na kutafuta yenye navyo.

Mpaka hapo, dereva asiutegemee mfumo huo. Kwenye EyeSight, breki za kujifunga zaweza kuzimwa kwa swichi, lakini hurudi kazini kila gari linapowashwa upya.