Ndege ya Kwanza ya Mtoto: Nguvu Ikae Mahali Pake

Likizo ya katikati ya mwaka inapowadia, mashamba mengi ya bonde la Ziwa Rukwa huwa yamekwisha kuvunwa, na watoto wa Milepa, kama wenzao wa vijiji vingi vya nchi yetu, huyageuza mabua kuwa magari na vifuniko vya chupa kuwa magurudumu. Mikono hiyo haihitaji kufundishwa ubunifu. Inahitaji kusogezwa hatua moja mbele. Katika kurasa hizi za familia tunapendekeza hatua hiyo iwe ndege ndogo ya mfano inayoongozwa kwa mawimbi ya redio, iliyojengwa nyumbani na wazazi pamoja na watoto wao, wa kiume na wa kike.

Tunalijua swali la kwanza la mzazi, nalo ni la gharama. Ni swali la haki. Rimoti, kipokezi cha mawimbi, mota ya pangaboi, betri na mota mbili ndogo za kuvuta usukani si vitu vya duka la kijijini. Familia iliyojinyima ili kuvipata haitapenda kuviona vimetapakaa shambani katika dakika ya kwanza, na mtoto aliyevunjikiwa hivyo huweza kuamini kwamba elimu hii haikuumbwa kwa ajili yake. Hilo la pili ndilo hasara kubwa zaidi.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Vyombo vya umeme ni ghali, ila hudumu. Mwili wa ndege ni wa vitu rahisi: lile povu jeupe gumu linalozunguka runinga ndani ya boksi lake, mwanzi, vijiti vya mishikaki, karatasi na gundi nyeupe ya maseremala. Mwili ukivunjika hujengwa mwingine, na vyombo vilevile vikahamia humo. Basi kuimarisha ndege ya anayeanza si kuifanya isivunjike kamwe, jambo lisilowezekana. Ni kuhakikisha kwamba ikianguka, kinachovunjika ni kile cha bei nafuu, tena kinachoweza kuungwa jioni ileile.

Somo lililomo katika bua

Chukueni bua la muhindi lililokauka mlikate. Ndani mna moyo mwepesi kama sponji, unaobonyea kwa ukucha. Nje pana ganda jembamba, gumu. Moyo peke yake hauna nguvu, na ganda peke yake hukunjamana. Vikishikana, bua husimama shambani na gunzi lake huku upepo ukilisukuma huku na kule. Hiyo ndiyo kanuni ya bawa la ndege yetu: moyo wa povu, na juu yake ngozi na fito zinazobeba nguvu.

Kwa nini nguvu iwekwe nje? Bawa linapoinua ndege, ncha zake hupinda kwenda juu. Upande wa juu wa bawa hubanwa, upande wa chini huvutwa, na katikati ya unene wake hapana kazi kubwa. Mtoto aweza kulithibitisha hili kwa rula ya shuleni. Ikilazwa bapa, hupinda kwa kidole kimoja. Ikisimamishwa kwa ukingo wake, haipindi. Plastiki ni ileile na uzito ni uleule. Kilichobadilika ni umbali wa plastiki hiyo kutoka katikati. Fito mbili zikitenganishwa kwa umbali maradufu, na zikashikana vema na povu lililo kati yake, ugumu wa bawa dhidi ya kupinda huongezeka mara nne.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kudhani kwamba nguvu ni uzito. Huongeza gundi, huongeza mbao, hufunga utepe kila mahali, mpaka ndege ikawa nzito. Ndege nzito huruka kwa kasi zaidi, na ikianguka hujipiga kwa nguvu zaidi. Hivyo uzito ulioongezwa kwa nia ya kuilinda ndio unaoivunja.

Kulijenga bawa

Kwa ndege ya kwanza tunashauri bawa lililo juu ya kiwiliwili, lenye urefu wa sentimita 120 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 20. Ndege nzima, pamoja na betri, ikusudiwe kuwa na gramu 600 hivi. Bawa lijengwe kwa nusu mbili, na kila ncha iinuliwe kiasi cha sentimita 5 kuliko katikati. Mwinuko huo husaidia ndege iliyoinama upande mmoja kurudi sawa yenyewe, nayo ni rehema kwa mikono ambayo haijazoea.

Chongeni fito za mwanzi zenye upana wa milimita 5 na unene wa milimita 3. Nyuzi zenye nguvu zaidi za mwanzi zimo karibu na ganda lake, kwa hiyo ganda lielekezwe nje. Ufito mmoja ukae juu ya bawa na mwingine chini yake, ukiwa umeelekeana kabisa na ule wa juu, mahali bawa lilipo nene zaidi, yaani karibu theluthi ya upana wake kutoka ukingo wa mbele. Si lazima fito zifike nchani. Nguvu ya kupinda ni kubwa katikati na hupungua kadiri tunavyoelekea nchani, hivyo sentimita 40 kwa kila upande zatosha.

Katikati, nusu mbili zinapokutana, ndipo ndege nyingi za mwanzo hukatikia. Hapo wekeni kipande cha plaiwudi cha milimita 3 kilichokatwa kwa umbo la pembe ya bawa, kikasimamishwa kwa ukingo kati ya fito za juu na za chini, nacho kiingie sentimita 10 kila upande. Miisho yake ikatwe kwa mshazari. Kiimarisho kinachokoma ghafla huhamishia mkazo wote kwenye mstari mmoja wa povu, na povu hupasuka papo hapo.

Kisha vikeni bawa karatasi kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kidogo. Ikikauka hukaza, nayo ndiyo ganda la bua letu. Tahadhari moja hapa: gundi za kukausha haraka na zile za mafundi viatu huliyeyusha povu jeupe, na petroli hufanya vivyo hivyo. Kila gundi ijaribiwe kwanza kwenye kipande kisicho na kazi.

Pua, kiwiliwili na mkia

Pua ndiyo hukutana na ardhi kwanza. Mota ifungwe kwenye kibao cha plaiwudi, na nyuma yake vijiti vya mishikaki vizamishwe ndani ya povu kwa urefu, ili pigo lienee badala ya kukomea mahali pamoja. Betri ikae kwenye chumba chake kwa mkanda unaofunguka, mbele yake pasiwepo kipokezi cha kuja kukipondaponda.

Bawa lisigandishwe kwa gundi kwenye kiwiliwili. Pitisheni vijiti viwili katika kiwiliwili, kimoja mbele na kimoja nyuma ya bawa, kisha mlifunge bawa kwa vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli vilivyopishana. Ncha ya bawa ikigusa ardhi, mpira hunyooka, bawa huchomoka, na hakuna kilichovunjika. Kulegea mahali pa kulegea nako ni sehemu ya uimara.

Mkia uwe mwepesi mno. Ikiwa mkia uko sentimita 60 nyuma ya kitovu cha mizani na betri iko sentimita 20 mbele yake, basi kila gramu inayoongezwa mkiani hudai gramu tatu puani ili ndege isawazike. Kitovu hicho kiwe sentimita 5 hadi 6 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Iinueni ndege kwa vidole viwili hapo. Ikiinamisha pua kidogo ni salama, ikiinamisha mkia isirushwe.

Umuhimu wa mkia una historia katika umma wetu. Katika karne ya 9, Abbas ibn Firnas wa Cordoba, huko Andalusia, alijitengenezea mabawa na kujaribu kuruka. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyefariki mwaka 1632, ameandika kwamba alikwenda hewani umbali fulani, lakini akaumia mgongo wakati wa kushuka, na sababu iliyotajwa ni kwamba hakujiwekea mkia. Mabawa yalimbeba, kilichokosekana ni kile cha kumtuliza wakati wa kutua.

Kilo moja ya sukari

Kabla ya kwenda uwanjani, bawa lipimwe nyumbani. Lazeni ncha zake mbili juu ya viti viwili, kisha muweke katikati, taratibu, mfuko wa sukari wa kilo moja. Angani mzigo huenea bawa zima, lakini hapa umekusanyika katikati, na kwa hiyo hulipinda bawa mara mbili zaidi. Kilo moja hapo ni sawa na ndege yetu ya gramu 600 kubebeshwa zaidi ya mara tatu ya uzito wake, kama inavyotokea inapokata kona kali au kuinuliwa ghafla kutoka mbio za kushuka. Bawa likiinama kidogo na kurudi, limefaulu. Likilia au kukunjamana, mmeujua udhaifu wake sebuleni, kwa hasara ya karatasi na gundi tu.

Hewa ya bondeni na hewa ya Ufipa

Familia za mkoa wetu wa Rukwa zina jambo la ziada la kuzingatia. Sakafu ya bonde, ilipo Milepa, iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, uko karibu mita 1,800. Hewa ya Sumbawanga ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita, na hivyo ndege ileile hulazimika kwenda kwa kasi zaidi, kwa takriban asilimia 9, ili ibebwe. Aliyeizoea ndege yake Milepa asishangae akipanda nayo kwa jamaa zake Sumbawanga ikatua kwa mbio. Ndege nyepesi huliona badiliko hilo kidogo. Ndege nzito hulilipia.

Si mchezo tu

Yupo atakayesema haya ni mambo ya watoto. Mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi Zanzibar ilianza kuchora ramani ya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na miongoni mwa waliofundishwa kuzirusha walikuwamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Ndege zilizotumika, aina ya eBee, hazifiki kilo moja, hurushwa kwa mkono, na mwili wake ni povu lililotiwa viimarisho vya kaboni. Kanuni ya bua ni ileile. Mwaka 2018, ndege nyingine isiyo na rubani ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, masafa ya kilomita 60, kwa dakika 40 hivi. Mtoto anayejua kwa nini bawa lake halikukatika amekwisha kuuanza mlango wa kazi kama hizo.

Sheria nayo iheshimiwe. Tangu mwaka 2018 nchi yetu ina kanuni za ndege zisizo na rubani, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kabla ya kununua au kuagiza chombo chochote, mzazi aiulize Mamlaka hiyo ni vibali gani vinahitajika, na uongozi wa kijiji upewe taarifa. Ndege isirushwe karibu na uwanja wa ndege, wala juu ya watu, nyumba au mifugo. Isiwekewe kamera, kwani ua wa jirani una staha yake. Betri ya lithiamu isichajiwe usiku watu wamelala. Ichajiwe ndani ya chungu, mbali na godoro na mapazia, huku mtu mzima akiiangalia. Pangaboi lifungwe mwisho kabisa, baada ya kila kitu kujaribiwa.

Kwa familia ambayo haijaweza kuvinunua vyombo, tunasema ianze na ndege isiyo na mota wala redio, ya kurusha kwa mkono tu. Bawa ni lilelile, fito ni zilezile, mizani ni ileile, na kilo ya sukari ni ileile. Baadaye nyumba nne au tano zinaweza kuchangia rimoti moja, kila nyumba na mwili wa ndege yake. Siku ya kurusha iwe asubuhi mapema baada ya Alfajiri, upepo ukiwa umetulia, kwenye shamba lililovunwa lenye mabua laini ya kupokea kitakachoanguka. Na gundi nyeupe isisahauliwe nyumbani, kwani in shaa Allah itahitajika jioni.