Kopo la Udongo Nyuma ya Nyumba: Lipi Halali, Lipi Kosa?



Katika mikutano yetu na wananchi, swali moja limekuwa likijirudia. Wengi hawana shamba. Wana chumba cha kupanga na ua mdogo wa pamoja. Wanapanda katika makopo, ndoo zilizotoboka na magunia. Wanauliza: je, polisi wakikuta makopo ya udongo nyuma ya nyumba, mtu huwa ameshavunja sheria? Na je, ni kweli kwamba mche mmoja au miwili ya bangi kwa matumizi ya nyumbani imeruhusiwa siku hizi?

Swali la kwanza tunalijibu kwa neno moja: hapana. Kopo si kosa, udongo si kosa, samadi si kosa. Sheria hutazama kilichopandwa. Swali la pili linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa uvumi umetangulia mbele ya ukweli.

Uvumi ulianzia wapi

Mwezi Mei 2023, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha sheria ya dawa za kulevya iliyokuwapo. Sababu haikuwa kwamba bangi ni halali. Mahakama iliona kwamba sheria hiyo ilipitishwa bila idadi ya wabunge inayotakiwa kuthibitika. Habari ilipofika vijiweni, sababu iliachwa njiani, likabaki neno tupu: "bangi imefunguliwa." Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria mpya, na kulima bangi bila kibali kukabaki kosa. Kibali hicho ni cha kilimo kwa ajili ya tiba. Si ruhusa ya mtu kupanda kopo lake uani.

Uvumi wa pili hutoka mbali zaidi. Ni kweli kwamba Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua mwaka 2018 kuwa mtu mzima anaweza kuotesha bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe. Ni kweli pia kwamba Malawi mwaka 2020, na Zambia na Rwanda mwaka 2021, ziliweka taratibu za kilimo cha bangi kwa ajili ya tiba, viwanda au kuuza nje. Lakini taratibu hizo ni za wenye leseni, na hukumu ya nchi moja haivuki mpaka kuingia nchi nyingine.

Hali kwa majirani zetu wa karibu iko hivi. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1994 inaweka kifungo kinachoweza kufika miaka 20 kwa anayelima bangi, pamoja na faini nzito. Nchini Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2015, kifungo kinaweza kufika miaka 30. Kwa mkazi wa Mutukula au Busia, ambaye ndugu zake wako upande wa pili wa barabara, jambo hili si la kuchukuliwa kwa wepesi. Mche uliooteshwa upande huu na kubebwa hadi upande ule huzaa makosa mapya njiani.

Tunamkumbusha pia mwenye nyumba. Anayejua kwamba mpangaji wake anaotesha bangi na kumwacha aendelee anaweza kuulizwa pamoja naye. Hebu tumfikirie mama mjane anayepangisha chumba kimoja apate karo ya watoto. Hajapanda kitu, lakini makopo yamo katika ua wake. Akiutambua mmea huo, asiung'oe na kuubeba barabarani, maana atakuwa ameushika yeye. Amwite mwenyekiti wa LC1, nao watoe taarifa kwenye kituo cha polisi, mmea uondolewe kwa kumbukumbu ya maandishi.

Udongo usivuke mpaka ovyo

Lipo jambo ambalo wachache hulifahamu. Udongo wenyewe, hata ukiwa safi machoni, hautakiwi kuvushwa mpaka bila kibali cha wakaguzi wa afya ya mimea. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, kisha ukaenea katika nchi jirani na kuingia Kagera mwaka 2006. Vimelea vyake huenezwa na machipukizi, visu na wadudu, na vinaweza pia kukaa kwenye udongo kwa muda. Gunia moja linaloletwa na mtu anayesifu "udongo maalumu" laweza kumgharimu jirani shamba lake la migomba. Akija mtu wa namna hiyo na mbegu asizotaja jina, pamoja na ahadi ya mnunuzi msiyemjua, mkataeni. Hasara itabaki kwenu, naye atakuwa amekwisha kuvuka.

Udongo mzuri upo hapa hapa

Hatupendi kukataza bila kuelekeza. Kwa msaada wa mabwana shamba, tunaeleza jinsi ya kuandaa udongo wa kopo au gunia kwa ajili ya dodo, sukuma wiki, vitunguu na nyanya.

Kwanza, pimeni udongo kwa mkono. Lowesheni kiasi cha ngumi moja, kisha mkamue. Ukibaki donge gumu linalong'aa, una mfinyanzi mwingi na utaziba maji. Ukimwagika wote, ni mchanga, nao hautahifadhi maji. Unaofaa hushikamana, kisha huvunjika ukiguswa kwa kidole.

Pili, changanyeni. Sehemu mbili za udongo mweusi wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza na sehemu moja ya mchanga wa mtoni hufaa kwa mboga nyingi. Udongo wa shamba peke yake hushindiliana ndani ya kopo, mizizi ikakosa hewa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ngojeni hadi isiwe na joto wala harufu kali. Majivu yawe kidogo tu, kwa kuwa yakizidi huharibu uwiano wa udongo.

Tatu, toboeni matundu chini ya kopo. Katika gunia, simamisheni nguzo ya mawe madogo katikati ili maji yashuke hadi chini.

Nne, msichote udongo mahali ambapo nyanya, viazi au biringanya zilinyauka zikiwa bado kijani. Kateni shina la mmea ulionyauka na kulitumbukiza katika glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni ugonjwa wa bakteria, na udongo huo uachwe.

Haki zenu tukija

Mwisho, tuseme wazi wajibu wetu sisi. Askari anayekuja kupekua ajitambulishe. Ombeni mwenyekiti wa LC1 awepo, na kila kitu kinachochukuliwa kiandikwe mbele yenu. Anayekamatwa nchini Uganda, Katiba ya mwaka 1995 inataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Dhamana ya polisi haina malipo. Anayedai fedha kwa ajili yake atolewe taarifa kwa mkuu wa kituo. Na askari anayemtisha mtu kwa sababu ya ndoo ya sukuma wiki anakosea, nasi tungependa kuambiwa.

Asiyejua kama mmea fulani umekatazwa na aulize kabla ya kupanda. Kuuliza hakujamfunga mtu. Milango yetu iko wazi, na katika mkutano ujao bwana shamba atakuwa pamoja nasi. Njooni na kiganja cha udongo wenu.