Mufwankolo: namna Kiswahili cha mtaani kilivyoingia kwenye televisheni

Wachekeshaji wanaojulikana leo ni wale wanaosimama peke yao jukwaani, kipaza sauti mkononi. Wanafunzi wengi hutaja Daniel Ndambuki wa Kenya, anayeitwa Churchill: alianza na vichekesho vya jukwaani, akawa Mwalimu King'ang'i redioni, akapata pia kipindi chake cha televisheni. Lakini Lubumbashi ilikuwa na nyota wake miaka mingi kabla ya huyo. Jina lake Odilon Kyembe Kaswili, ila mji ulimjua kama Mufwankolo. Hakusimama peke yake; alicheza na kundi, pamoja na akina Kachelewa na Masimango. Nataka kueleza ni kitu gani kilichompandisha. Kwa maoni yangu, kitu hicho ni lugha, tena ile ambayo sisi wa kitivo cha lugha tunaionea haya.

Tuanze na mji wenyewe. Lubumbashi, Elisabethville ya zamani, ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Wengi wao hawakuzaliwa na Kiswahili. Walikijenga kambini, kazini na sokoni, na watoto wao wakakifanya lugha ya nyumbani. Ndiyo maana tunasema batoto, bintu, mayi, njo vile, na mezani tunakula bukari. Kule Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, nilikokulia, mwalimu mmoja alinikata alama kwa sababu niliandika “batoto”. Neno hilo hilo, na mengine kama hilo, ndiyo yaliyompatia Mufwankolo jina.

Kundi lake lilipitia redio, kisha likaingia kwenye televisheni wakati nchi inaitwa Zaire na jimbo letu linaitwa Shaba. Televisheni ilikuwa ya serikali, na Kifaransa kilikuwa lugha ya wakubwa. Katikati ya hotuba za wakubwa walitokea watu waliozungumza kama jirani: mume na mke wanagombana, mlevi anatafuta deni lingine, mjanja anajifanya msomi. Mtazamaji alicheka kwa sababu alijitambua, au alimtambua shemeji yake.

Kazi ilifanyika namna gani? Mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo chetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliifuata kwa karibu. Waigizaji hawakupewa maneno ya kukariri. Walichagua wazo, wakalijadili, wakapanga hadithi na kugawana nafasi. Baada ya hapo kila mmoja alisema kwa maneno yake mwenyewe. Kwa mtu wa isimu jambo hili ni kubwa: tunachosikia ni usemi wa watu, haukupita kwanza katika kalamu ya mwandishi.

Ndani ya usemi huo kicheko kinatoka mara nyingi kwenye mgongano wa lugha. Nitatoa mfano niliojitungia. Karani anarudi nyumbani, anamwambia mke wake: “Mpenzi, naomba niletewe maji ya kunywa.” Mke anajibu: “Mayi iko mu ndoo. Hauna na miguu?” Mume amepanda juu kwa Kiswahili bora, mke anamshusha kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Ukitafsiri mazungumzo yote kwa Kiswahili sanifu, kinabaki kisa cha mtu mwenye kiu. Vipindi vya Churchill vinatumia njia ya jamaa yake: huko kicheko hutoka pia katika lafudhi za makabila, na mtazamaji wa Nairobi anajua mara moja nani anaigwa.

Lakini lugha ya mtaani haikuwa kwa vichekesho vya nyumbani tu. Mwaka 1986 Fabian aliwauliza wasanii maana ya msemo mmoja aliousikia, kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Wao wakaufanyia mchezo, “Le pouvoir se mange entier”, uliorekodiwa kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, karibu na mji. Hadithi ni ya chifu na watu wake. Mimi naona nguvu yake hapa: mkubwa anaweza kuusikia kama wito wa kumtii chifu, na mwananchi anaweza kuusikia kama swali kuhusu anayekula peke yake. Katika nchi ya chama kimoja, Kiswahili chetu kilibeba maana zote mbili kwa pamoja.

Sasa tuangalie maandishi. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walitoa kitabu kuhusu kundi hili huko Vienna mwaka 1981. Kitabu cha Fabian, chenye maneno ya mchezo wa 1986 pamoja na mazoezi yake, kilitoka Marekani mwaka 1990. Kwa hiyo mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kusoma Kiswahili cha Lubumbashi anaagiza vitabu kutoka nje.

Napendekeza tuanze na kazi ndogo. Kila mwanafunzi amtafute mzee mmoja wa Kamalondo au wa Kenya anayekumbuka kichekesho cha kundi hili, amrekodi kwa ruhusa yake, na aandike maneno yake kama yalivyotamkwa, bila kuyasahihisha. Tutabishana namna ya kuandika “njo”, na kama “-ka” ya “tunasemaka” ina maana moja kila mahali. Ubishi huo ni somo tosha la mwaka mzima. Waliozijua sauti hizo wakiwa watu wazima wamezeeka, na mtihani wa sarufi hauwezi kuwarudisha.