Kifurushi na kuleta: istilahi mbili za programu

Nomino kifurushi (wingi: vifurushi, ngeli ya KI-VI) ni hali ya udogo ya furushi, yaani mzigo uliofungwa pamoja. Kwa msomaji wa Kinondoni au Temeke leo, neno hili humkumbusha kwanza muda wa maongezi na intaneti anaoununua kwa simu. Katika uandishi wa programu lina maana ya tatu: kundi la majina yanayotambuliwa chini ya jina moja kuu.

Haja ya kundi hilo ni rahisi kuieleza. Jina Magomeni lipo Dar es Salaam, lipo Bagamoyo, na lipo mjini Zanzibar. Anayesema «Magomeni» pekee hajasema ni ipi. Anayesema «Magomeni ya Kinondoni» ameondoa shaka. Vivyo hivyo, katika Protocol Buffers, mfumo ambao Google iliutoa kwa umma mwaka 2008, faili ya skima hutaja kifurushi chake, ili ujumbe uitwao Risiti katika kifurushi cha malipo usigongane na Risiti ya ghala. Kisha zana husoma skima hiyo na kuzalisha msimbo wa Java, Go au Python. Skima huweza pia kutaja mahali pa msimbo wa baadhi ya lugha, bila kubadili jina la kifurushi.

Kitenzi kinachoandamana nacho huwatatiza wafasiri. Agiza hufaa kwa bidhaa za bandarini, lakini katika programu hudhaniwa kuwa amri. Ingiza tayari hutumika kwa nywila na data. Leta ndicho kinachobaki bila utata: «faili hii inaleta skima ya malipo».

Tahadhari: kuleta hutaja njia ya faili, kifurushi hutaja jina. Ubungo ilipotengwa na Kinondoni mwaka 2016, barabara ya kufika Manzese haikuhama. Jina la wilaya ndilo lililobadilika. Kadhalika, faili ikihamishwa, mistari ya kuleta ndiyo hukatika. Kifurushi kikibadilishwa jina, programu za mbali zinazoita huduma kwa jina lake kamili la zamani hazitaipata tena. Mfasiri anayetumia neno moja kwa dhana zote mbili humpeleka mwanafunzi kutafuta kosa mahali lisipokuwapo.