Kijiko kikubwa Ndundu: tazama tairi kabla ya bei

WAWEKEZAJI wadogo wanaotafuta mtambo wa kukodisha katika ukanda wa Ndundu hawana budi kutazama tairi kwanza, bei baadaye.

Barabara ya Ndundu hadi Somanga, kilometa 60, iliendelea kutesa wasafiri miaka mingi baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Lami imekwisha kuwekwa, lakini Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara ya kusini eneo la Somanga. Maji yakikata, kuna mitaro ya kuchimba, makalavati ya kuzibua na kifusi cha kupakia. Hapo ndipo huitwa kijiko, au "JCB" kama wengi wasemavyo hata mtambo ukiwa wa kampuni nyingine.

Kijiko cha kawaida, kama JCB 3CX, kina tairi ndogo mbele na kubwa nyuma. Bakuli la mbele likijaa, uzito huhamia mbele, na kwenye udongo mweusi uliolowa tairi hizo ndogo huzama. Mtambo uliokwama haulipwi saa.

Kaka yake, 4CX, ana tairi nne zenye ukubwa mmoja na zote hukata kona. Dereva anaweza hata kuutembeza upande kama kaa, jambo la manufaa kando ya mtaro. Bakuli lake huzoa takriban mita za ujazo 1.3, wakati la 3CX ni kama 1.

Kwa kina, hata hivyo, tofauti ni ndogo. Mkono wa kurefuka wa mtambo wowote kati ya hiyo miwili hupita mita 5 kwenda chini. Anayetaka kuchimba mitaro tu kwenye ardhi kavu, fedha ya ziada ataitupa bure. Eskaveta ya minyororo huchimba haraka zaidi, ila huhitaji lori la kuibeba. Kijiko hujiendesha chenyewe barabarani.

Kwa kilichotumika, mnunuzi aunyanyue mkono wa nyuma na kuusukuma kushoto na kulia. Ukichezacheza, pini na bushi zimelika, na saa zinazoonyeshwa kwenye mita zisiaminiwe. Mkataba wa kukodisha utaje nani ananunua dizeli, na nani anagharimia siku za masika ambazo mtambo umesimama huku benki ikidai rejesho lake.